Montaji ya video kwa programu za bure: zinatosha wapi, na zinashindwa wapi

Kila Jumamosi, tangu asubuhi, misafara ya arusi inazunguka katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, na karibu kila msafara una kameramani wake. Kuna pia anayepiga video ya dote, korali inayotaka wimbo wake uonekane YouTube, familia inayotaka kumbukumbu ya kilio, na mwandishi wa habari anayepaswa kutuma ripoti yake kabla ya jioni. Nyingi kati ya video hizo hazipiti katika studio kubwa. Montaji yake inafanywa juu ya simu, ama juu ya kompyuta ya zamani, kwa programu isiyolipiwa.

Programu hizo ndogo zinadharauliwa mara nyingi na watu wa studio, lakini zinafanya kazi nyingi vizuri. Udhaifu wake upo, ila hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana siku ya kukabidhi kazi: mteja ameshalipa avansi, arusi imepita, na hakuna anayeweza kumwambia bibi arusi arudie kiapo chake mbele ya padri. Kwa kijana anayetafuta riziki kwa kamera, kujua mapema programu yake inaishia wapi ni sehemu ya kazi yenyewe.

Zilitoka wapi

Apple ilitoa iMovie mwaka 1999. Microsoft ikafuata mwaka 2000 na Windows Movie Maker, iliyokuja ndani ya Windows Me na baadaye ndani ya Windows XP. Mwenye kununua kompyuta aliikuta humo tayari, bila kulipa kitu cha ziada. Vijana wengi walioanza montaji katika miaka ile walianzia hapo: kuburuta vipande vya video, kuvipanga, kuweka wimbo chini na kuandika majina ya maarusi juu.

Tarehe 10 Januari 2017, Microsoft iliacha kutoa Movie Maker kwenye tovuti yake. Watu waliendelea kuitafuta, na matapeli wakajua. Mwezi Novemba mwaka huohuo, kampuni ya usalama wa kompyuta ESET ilitoa onyo kuhusu tovuti ya uongo iliyokuwa ikionekana juu kabisa katika matokeo ya Google. Tovuti hiyo ilitoa Movie Maker iliyobadilishwa, kisha ikadai dola 29.95 kabla ya mtu kuweza kuhifadhi video yake. Programu ambayo mwenyewe aliitoa bure, matapeli waliiuza.

Leo kazi hiyo imehamia kwenye simu. CapCut ni ya kampuni ya China ByteDance, mwenye TikTok. Ilianza China mwaka 2019 kwa jina la Jianying, na nchi nyingine zikaipata kwa jina la CapCut mwaka 2020. Kuna pia InShot, VN na KineMaster. Kwenye kompyuta, Microsoft ilinunua kampuni ya Australia inayoitwa Clipchamp mwaka 2021, na programu hiyo sasa inakuja ndani ya Windows 11. Inatoa video ya 1080p bila alama na bila malipo, lakini kuifungua kunahitaji akaunti ya Microsoft na intaneti.

Kazi inazozifanya vizuri

Sehemu kubwa ya montaji ni kuchagua. Katika saa 3 za arusi, kuna dakika 30 ama 40 ambazo familia itataka kuangalia tena. Kuondoa zilizobaki, kupanga zile nzuri kwa utaratibu, kupunguza kelele mahali fulani na kuweka majina, ni kazi ambayo programu ndogo inaiweza kikamilifu. Jicho la anayechagua linapita programu kwa thamani.

Faida ya pili ni umeme. Simu ina batri yake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani inazima na video iliyokuwa ikitoka inapotea, lakini simu inaendelea. Katika mitaa ambako umeme unakuja na kuondoka, jambo hilo peke yake linaweza kumfanya mtu achague simu.

Faida ya tatu ni muda wa kujifunza. Mtu ambaye hajawahi kufanya montaji anaweza kukata na kuunganisha vipande katika alasiri moja. Programu kubwa za studio zinadai wiki nyingi kabla mtu hajazoea madirisha yake. Kwa mwandishi wa habari mwenye kipande cha dakika 2, hakuna sababu ya kufungua programu kubwa.

Jambo jingine halijulikani sana: karibu programu zote hizo haziharibu video ya asili. Ukikata kipande ndani ya programu, faili iliyopigwa na kamera inabaki nzima. Programu inaandika tu maagizo: anzia sekunde hii, ishia sekunde ile. Anayekosea anaweza kurudi nyuma bila hasara, mradi faili ya asili bado ipo.

Kuna mfano unaojulikana katika sinema. Mmarekani Jonathan Caouette alitengeneza filamu yake Tarnation mwaka 2003 kwa iMovie, kwa kutumia video na picha za familia alizokusanya tangu utotoni. Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola 218 na senti. Mwaka 2004 filamu hiyo ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance, kisha Cannes. Lakini ili iingie katika majumba ya sinema, ilibidi sauti ifanyiwe kazi upya na haki za nyimbo na vipande vya filamu za wengine zilipwe, na gharama ikapanda hadi mamia ya maelfu ya dola. iMovie ilitosha kusimulia hadithi. Sauti na haki za muziki ndizo zilizodai makuta, na ndipo programu ndogo zinapowaacha watu hadi leo.

Kamera mbili katika kazi moja

Ugumu wa kwanza unaanza pale ambapo kazi ina kamera zaidi ya moja. iMovie ina mstari mmoja mkuu wa picha, na juu yake unaweza kuweka mwingine mmoja. Programu za simu nyingi zinaruhusu mistari zaidi, lakini kioo cha simu ni kidogo, na kila mstari unaongeza mzigo juu ya kifaa.

Chukua arusi iliyopigwa na kamera mbili, moja mbele ya altare na nyingine kati ya wageni. Ili kupita kutoka picha moja kwenda nyingine bila midomo na maneno kuachana, lazima zote mbili zilinganishwe kwa sauti. Kdenlive, programu ya bure ya kompyuta, inaweza kulinganisha sauti hizo yenyewe. Kwenye programu nyingi za simu, mtu analinganisha kwa mkono, kipande baada ya kipande. Kama ibada ni ya saa 2 na kamera zilizimwa na kuwashwa mara 20, kazi hiyo inaweza kuchukua usiku mzima.

Kuna dawa rahisi ambayo watu wa sinema wameitumia tangu zamani: kupiga makofi mara moja mbele ya kamera zote baada ya kuziwasha. Mlio huo unaonekana kama mlima mkali katika mchoro wa sauti, na kulinganisha kunakuwa rahisi. Tena, kamera isizimwe ovyo katikati ya ibada.

Hatari nyingine inatoka kwa simu yenyewe. Kamera nyingi za simu hazipigi idadi ileile ya picha kwa kila sekunde. Mwanga ukipungua ama simu ikipata moto, idadi inashuka kidogo, kisha inapanda. Programu inayodhani kwamba idadi haibadiliki inaanza vizuri, lakini kadiri dakika zinavyopita, midomo na sauti vinaachana. Wengi wanadhani programu imeharibika. Njia ya kutoka ni kupitisha video kwanza katika HandBrake, programu ya bure ya kompyuta, na kuchagua idadi ya picha isiyobadilika kabla ya kuanza montaji. Shotcut nayo inatambua video za aina hiyo na kupendekeza kuzigeuza.

Sauti haitengenezwi na programu

Mtazamaji anaweza kuvumilia picha yenye giza kidogo. Hotuba isiyosikika, haivumilii. Hapo ndipo programu ndogo zinaahidi mambo mengi kuliko zinavyoweza.

Katika ukumbi wenye spika kubwa, mikro ya simu iliyo karibu na spika inapokea sauti kali kuliko inavyoweza kubeba. Sauti inakatika juu na kupasuka. Programu inaweza kuishusha, lakini ile sehemu iliyokatika haikuandikwa popote, na hakuna kitufe kinachoirudisha. Vilevile kitufe cha kuondoa kelele kinasaidia kwa upepo ama mlio wa jenereta unaosikika chini chini. Kikitumiwa kwa nguvu, sauti ya mtu inakuwa kama inatoka ndani ya ndoo.

Kinachosaidia kinafanyika kabla ya montaji. Simu ya pili, ya bei ndogo, ikiwekwa kwenye hali ya ndege ili isiite, inaweza kurekodi sauti ikiwa karibu na padri, mchungaji ama mzee anayepokea dote. Kisha sauti hiyo inachukua nafasi ya sauti ya kamera. Programu ndogo inaweza kufanya mabadilishano hayo bila shida.

Uzito wa video na hesabu yake

Mabishano mengi kati ya kameramani na mteja yanatokana na uzito. Hesabu yake si ngumu, na programu nyingi haziionyeshi vizuri.

Apple inaandika katika mipangilio ya iPhone kwamba dakika 1 ya video ya 1080p, kwa picha 30 kwa sekunde, inachukua karibu mega 60. Kwa 4K, dakika hiyohiyo inachukua karibu mega 170. Arusi ya saa 3 ina dakika 180. Kwa 1080p ni karibu giga 10.8. Kwa 4K ni zaidi ya giga 30. Simu ya giga 64 iliyojaa picha na WhatsApp haitaweza kupiga arusi ya 4K na kuifanyia montaji juu yake yenyewe, kwa sababu programu inahitaji pia nafasi ya kuandika video ya mwisho.

Video ya mwisho ina hesabu yake. Ikitolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde, ambacho ni kiwango kizuri kwa 1080p, kila sekunde inachukua mega 1. Dakika 40 ni sekunde 2,400, maana yake giga 2.4. WhatsApp tangu mwaka 2022 inapokea faili hadi giga 2 zikitumwa kama hati. Video hiyo haitapita. Ikishushwa hadi megabiti 6 kwa sekunde, inafika giga 1.8 na inapita, na jicho haligundui tofauti kubwa. Ikishushwa hadi megabiti 2, inakuwa mega 600 tu, lakini wakati wa kucheza, ambapo kila kitu kinatembea, picha inavunjika katika vigae.

Kutuma video kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kama picha za kila siku, kunaipunguza tena. Ndiyo maana mteja analalamika kwamba video ina ukungu wakati kwenye simu ya kameramani ilikuwa safi. Ikitumwa kama hati inafika kama ilivyo, ila mega za kutuma na kupokea zinalipwa na pande zote mbili. Kwa familia iliyo mjini, flash bado ni njia ya bei nafuu.

Flash nayo ina mtego wake. Nyingi zimepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani ambao televisheni nyingi za nyumbani zinausoma, lakini ambao haupokei faili moja inayozidi giga 4. Filamu ya arusi ya dakika 90 kwa megabiti 8 ni giga 5.4. Kompyuta itakataa kuinakili hata kama flash ni ya giga 32 na ni tupu. Kuigawa sehemu mbili, kanisani na ukumbini, kunamaliza tatizo.

Mradi unaopotea

Kati ya hasara zote, hii ndiyo inayouma zaidi. Kwa kuwa programu inaandika maagizo tu na kuacha video ya asili mahali pake, mradi wa montaji unategemea faili hizo. Mtu anafuta video za asili kwenye simu ili kupata nafasi, akidhani zimeshaingia ndani ya programu. Anapofungua mradi kesho yake, anakuta vipande vimekuwa vyeusi ama programu inamwambia haioni faili. Movie Maker ya zamani ilikuwa na tabia hiyohiyo: ukihamisha video kutoka folda moja kwenda nyingine, mradi ulikuwa mtupu.

Mradi pia hauhami kwa urahisi. Uliotengenezwa kwa programu moja ya simu kwa kawaida haufunguki kwa nyingine. Simu ikiibiwa ama kuanguka majini wakati kazi haijaisha, kila kitu kinaanza upya, kama faili za asili zimebaki mahali pengine. Kama hazikubaki, hakuna kuanza upya.

Programu kubwa za studio zina shida hiyo pia, lakini zinamlazimisha mtu kujua faili zake ziko wapi, na nyingi zina njia ya kukusanya mradi na faili zake zote katika folda moja. Zile za simu zinaficha jambo hilo ili kazi ionekane nyepesi. Wepesi huo ndio sifa yake, na hapo hapo ndipo hatari yake ilipo.

Bure yenye masharti

KineMaster na InShot kwa kawaida zinaweka alama yao juu ya video ya mtu asiyelipa. CapCut inamwacha mtu atumie vitu vingi wakati wa montaji, lakini baadhi ni vya wanaolipa tu, na onyo linaweza kuja pale anapotaka kutoa video ya mwisho. Aliyepanga kazi yake yote juu ya kitu kimoja cha kulipia analazimika kulipa ama kubomoa. Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, ambako benki zilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, hata mwenye dola mkononi anaweza kukosa njia ya kulipa kwa kadi.

Muziki ni suala jingine. Wimbo unaopatikana ndani ya programu haumaanishi kwamba unaruhusiwa kila mahali. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya kila video na nyimbo zilizoandikishwa na wenye haki. Video inaweza kuzuiwa, ama pesa za matangazo kwenda kwa mwenye wimbo. Korali iliyorekodi wimbo wake yenyewe haina hofu hiyo. Duka linaloweka wimbo wa msanii mkubwa chini ya tangazo lake linayo. Nchini Congo, haki za watunzi zinasimamiwa na SOCODA, na kutumia wimbo wa mtu kwa biashara kunahitaji ruhusa.

Tena programu si mali ya anayeitumia. Usiku wa tarehe 18 Januari 2025, CapCut ilifungwa kwa watumiaji wa Marekani pamoja na TikTok, kutokana na sheria iliyoilenga ByteDance. Ilirudi baadaye, lakini waliokuwa na kazi za haraka siku hiyo walibaki wanangoja. Movie Maker nayo iliondoka mwaka 2017 kwa uamuzi wa kampuni moja. Mwenye faili zake za asili anahamia programu nyingine. Mwenye mradi tu ndani ya programu hana pa kwenda.

Kukata maneno ya watu

Mashariki mwa Congo video inaenda mbali kuliko arusi. Inaonyesha watu waliokimbia vita, nyumba zilizochomwa, hotuba za viongozi. Kukata kunakofanywa kwa kidole kimoja kunaweza kuondoa neno moja na kugeuza maana ya kilichosemwa. Video ya zamani, ya mji mwingine, inaweza kuandikwa tarehe ya leo kwa sekunde chache. Programu haiulizi kama ni kweli.

Kuna pia maandishi ya chini ambayo programu inayaandika yenyewe kwa kusikiliza sauti. Yanasaidia, hasa kwa Kifaransa kinachosemwa polepole. Lakini mtu wa Kivu anachanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na majina ya vijiji na ya watu yanaandikwa vibaya. Jina la kijiji likikosewa katika habari ya mauaji, habari nzima inapotoka. Lazima mtu asome neno kwa neno kabla ya kutuma.

Sheria nayo ipo. Kodi ya kidijitali ya Congo, iliyowekwa kwa amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina kifungu kinachoadhibu kueneza habari za uongo kwa njia ya mitandao. Mwandishi anayeshtakiwa kwa video aliyoikata anahitaji kuonyesha hotuba nzima ilivyokuwa. Bila faili ya asili, hana cha kuonyesha.

Faili ya asili ina uzito kwa upande wa waathirika pia. Montaji inapotoa video mpya, kwa kawaida faili mpya inabeba tarehe ya kutengenezwa kwake, na habari za siku, saa na mahali zilizokuwa ndani ya faili ya kwanza zinaweza kupotea. Mwezi Septemba 2018, mahakama ya kijeshi mjini Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu uliofanyika katika eneo la Kalehe. Kati ya ushahidi uliotumika kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayoitwa eyeWitness to Atrocities, iliyotengenezwa ili kuandika saa na mahali na kuilinda picha isibadilishwe. Majaji walihitaji kujua kwamba picha haikuguswa. Video nzuri yenye muziki wa huzuni isingewasaidia.

Njia ya katikati

Anayeona programu ya simu haimtoshi hana haja ya kukimbilia zile za kulipia. Shotcut, OpenShot na Kdenlive ni programu huru za kompyuta, hazina alama na hazidai malipo. Zinakubali mistari mingi ya picha na sauti. Shotcut na Kdenlive zinaweza pia kutumia nakala nyepesi: programu inatengeneza video ndogo za muda ili kompyuta dhaifu iweze kufanya kazi, kisha inatumia zile za asili wakati wa kutoa video ya mwisho. Kwa mwenye kompyuta ya zamani, njia hiyo inaokoa saa nyingi.

Juu zaidi kuna DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design, ambayo toleo lake la bure lina nguvu za studio, hasa kwa rangi na sauti. Lakini inadai kompyuta yenye RAM ya giga 16 na kadi nzuri ya picha. Kwenye mashini ya giga 4, itafunguka kwa shida ama haitafunguka kabisa.

Wengine wanachukua Premiere ya Adobe iliyovunjwa kufuli, kwa sababu tangu mwaka 2013 Adobe inauza programu zake mpya kwa kulipa kila mwezi kupitia intaneti. Programu zilizovunjwa mara nyingi zinakuja na virusi, na kompyuta inayobeba arusi za familia kumi si mahali pa kujaribu bahati.

Kabla ya kuchukua avansi

Kutokana na hayo yote, kameramani anayetumia programu ndogo anaweza kujiuliza maswali machache kabla ya kukubali kazi. Video ya mwisho itakuwa ya dakika ngapi? Ikiwa ni chini ya dakika 10, na kamera ni moja, simu inatosha. Ikizidi nusu saa ama kamera ni mbili, kompyuta inahitajika, hata ya kuazima. Mteja ataangalia wapi: simu, televisheni kwa flash, ama YouTube? Jibu linaamua uzito na aina ya faili. Atataka wimbo gani? Ni vizuri kumweleza mapema kwamba video inaweza kuzuiwa.

Kisha ajaribu programu kabla ya siku yenyewe: apige dakika 5, afanye montaji, atoe video ya mwisho na kuiangalia kwenye televisheni. Alama, malipo yaliyofichwa na sauti inayoachana na midomo vitaonekana hapo, wakati bado hakuna aliyelipa.

Na usiku uleule wa arusi, kabla ya kulala, faili za asili zinakiliwe mahali pawili, kwa mfano kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje ama kadi nyingine. Zisifutwe hata baada ya kazi kukamilika, hadi mteja awe ameangalia video yote na kukubali. Diski ya nje inaweza kuonekana ghali kwa kijana anayeanza. Familia iliyopoteza arusi ya mtoto wao haitalipa salio, itadai avansi irudishwe, na Jumamosi inayofuata itawaambia majirani wamwite kameramani mwingine.

Kwa kazi nyingi zinazofanyika katika miji ya mashariki, programu ya bure inatosha kabisa kwa kukata, kupanga na kuonyesha. Kutunza si kazi yake. Kazi hiyo inabaki kwa mwenye kamera.